Kuteleza kwenye barafu ya asili

Kuteleza kwenye barafu ya asili ni mchezo, na pia njia ya kusafiri, ambapo mtu aliyevaa viatu vyenye bapa la chuma chini ya soli huteleza juu ya bwawa, ziwa, mto au mfereji ambao maji yake yameganda kwa baridi. Ni tofauti na kuteleza katika uwanja wa barafu, ambao sakafu yake hugandishwa kwa mitambo na unaweza kujengwa hata Nairobi au Dubai. Barafu ya asili haina mtambo wala mlinzi. Hutegemea hali ya hewa peke yake, na kabla ya kuikanyaga mtu hana budi kujua kama itambeba.

Mchezo huu ni wa nchi zenye majira ya baridi kali, hasa Uholanzi, Uswidi, Norwei, Ufini, Urusi, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Katika Afrika Mashariki haupo. Hata hivyo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaokwenda nchi hizo kusoma, kufanya kazi au kuishi kama wakimbizi hukutana nao katika majira yao ya kwanza ya baridi, mara nyingi kupitia watoto wao wanaofuatana na wenzao wa shule. Wenyeji wamefundishwa na wazazi wao tangu utotoni ni barafu ipi ya kuaminiwa, mgeni hajafundishwa.

Jinsi bwawa linavyoganda

Msomaji wa Shinyanga au Geita aliijua barafu kwanza kama ile ya mifukoni, ya ubuyu au ya ukwaju, inayouzwa nje ya geti la shule. Barafu hiyo huganda kutoka pande zote, kwa sababu imezungukwa na baridi ya friji. Bwawa haligandi hivyo. Huganda kuanzia juu, na barafu hukaa kama mfuniko huku maji ya chini yakibaki maji kwa miezi yote ya baridi.

Sababu yake ni tabia ya pekee ya maji. Vitu vingi huzidi kuwa vizito kwa ujazo uleule kadiri vinavyopoa. Maji nayo hufanya hivyo, lakini mpaka nyuzi joto 4 za Selsiasi tu. Yakipoa zaidi ya hapo huanza tena kuwa mepesi. Majira ya baridi yanapoingia, maji ya juu ya bwawa hupoa, huwa mazito na kuzama, na ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo huendelea mpaka bwawa zima likaribie nyuzi 4. Tangu hapo maji ya juu yakipoa hayazami tena. Hubaki palepale juu, hufika nyuzi 0 na kuganda. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji kwa takriban asilimia 8, ndiyo maana huelea.

Kama maji yangekuwa na tabia ya vitu vingine, bwawa lingeganda kutoka chini kwenda juu na samaki wote wangekufa. Kwa jinsi yalivyo, samaki wa nchi za baridi husubiri chini ya mfuniko, katika maji ya nyuzi chache juu ya sifuri, kama kamongo anavyosubiri mvua ndani ya tope la lambo lililokauka.

Barafu ikishatanda, yenyewe hugeuka kuwa kizuizi kati ya hewa baridi na maji. Kwa hiyo sentimita za kwanza huja upesi, na zinazofuata huja polepole. Kwa makadirio, ili unene uongezeke mara mbili, muda wa baridi ileile unatakiwa uwe mara nne. Theluji ikianguka juu yake hufanya kazi ya blanketi na kuchelewesha kuganda zaidi. Ndiyo maana watu wa vijijini wanaotunza sehemu ya kutelezea hufagia theluji mara kwa mara: si kwa ajili ya kupata njia laini tu, bali pia ili baridi ifike kwenye barafu na kuinenepesha.

Kwa nini barafu huteleza ni swali ambalo halikuwa jepesi kwa wanasayansi. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilieleza kwamba uzito wa mtu juu ya bapa jembamba huyeyusha barafu kwa mgandamizo. Hesabu zinaonyesha kwamba mgandamizo huo hautoshi kueleza jambo lote, hasa katika baridi kali. Mnamo mwaka 1850 Mwingereza Michael Faraday alipendekeza kwamba uso wa barafu una utando mwembamba unaofanana na maji hata chini ya nyuzi 0. Siku hizi utando huo, pamoja na joto linalotokana na msuguano wa bapa lenyewe, ndio hutajwa zaidi.

Rangi, unene na sauti

Barafu bora kwa kuteleza huitwa barafu nyeusi. Kwa kweli si nyeusi. Ni angavu kama kioo, na weusi unaoonekana ni wa maji yaliyo chini yake. Hutokea bwawa linapoganda katika usiku mtulivu usio na upepo wala theluji. Barafu nyeupe ni ile iliyochanganyika na theluji iliyolowa na kuganda tena, ikiwa na viputo vingi vya hewa ndani. Nguvu yake huhesabiwa kuwa karibu nusu ya ile ya barafu nyeusi ya unene uleule. Barafu ya kijivu ina maji ndani yake na haikanyagwi.

Mamlaka za nchi mbalimbali hutoa viwango vya unene, na havilingani. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtu mmoja anayetembea hushauriwa kusubiri barafu angavu ya inchi 4, yaani takriban sentimita 10. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada limekuwa likitaja sentimita 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa kundi la watelezaji. Tofauti hiyo ina maana yake: namba peke yake haimlindi mtu. Bwawa lenye sentimita 12 ukingoni laweza kuwa na 3 mahali kijito kinapoingia, chini ya daraja, karibu na matete, au pale bata wanapokusanyika na kuyazuia maji yasigande. Tena unene hauelezi umri. Mwishoni mwa majira ya baridi barafu inaweza kuwa nene sana na bado ikasambaratika ghafla, kwa kuwa jua limekwisha kuilegeza na kuigawa katika vijiti vilivyosimama wima, visivyoshikana. Wenyeji husema imeoza.

Watelezaji wa Uswidi, ambao husafiri makumi ya kilomita kwa siku juu ya maziwa na hata juu ya bahari iliyoganda, hubeba fimbo ndefu yenye ncha ya chuma. Kwa kila hatua ya mashaka huigonga barafu mbele yao. Ncha ikipenya kwa pigo moja, wanarudi. Husikiliza pia. Barafu nyembamba hutoa mlio mwembamba wa juu chini ya bapa, na barafu nene mlio mzito. Mngurumo mkubwa unaosikika usiku kutoka ziwani kwa kawaida hautangazi hatari. Ni barafu inayotanuka au kusinyaa kwa kubadilika kwa joto, kama bati la paa linavyolia jioni baada ya jua kali.

Barafu inapovunjika

Maji yaliyo chini ya barafu yana joto la nyuzi 0 hadi 4. Anayetumbukia hupatwa kwanza na mshtuko wa pumzi: hupumua haraka bila kujizuia, na kichwa kikiwa majini humeza maji. Waalimu wa uokoaji nchini Kanada hufundisha kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kuituliza pumzi, takriban dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Namba hizo zimewekwa kupinga dhana kwamba mtu hufa kwa baridi mara moja. Wengi hufa katika ile dakika ya kwanza, kwa hofu, au baadaye kwa sababu mikono imekufa ganzi na hawawezi tena kujivuta, ilhali mwili bado una joto la kutosha.

Anayetumbukia hufundishwa kugeukia upande aliotokea, kwa kuwa barafu ya huko ilikwisha kumbeba. Kisha huweka mikono juu ya barafu, hupiga miguu kama anayeogelea mpaka mwili ulale, na kujisukuma mbele kwa tumbo. Akishatoka hasimami, hubiringika mpaka awe mbali na shimo. Barafu iliyolowa haina pa kushika, kwa hiyo watelezaji wa nchi za Skandinavia huvaa shingoni vishikio viwili vya mbao vyenye misumari ya kuchomeka barafuni. Ni kifaa rahisi kuliko kofia, nacho kimeokoa watu wengi.

Msaidizi naye hakimbilii shimoni. Hulala kifudifudi na kurusha kamba, tawi, ngazi au nguo ndefu. Ndugu wawili kuzama pamoja, wa pili akimfuata wa kwanza, ni habari inayojirudia magazetini kila mwaka.

Mkasa uliobadilisha mawazo ya Waingereza kuhusu jambo hili ulitokea London tarehe 15 Januari 1867. Mamia ya watu walikuwa wakiteleza kwenye ziwa la bustani ya Regent's Park, na siku iliyotangulia barafu ilikuwa imekwisha kuvunjika na watu wapatao 20 kuokolewa. Watu walirudi siku ya pili. Barafu ilipopasuka, wapatao 200 walitumbukia, na 40 kati yao walikufa. Ziwa lilikuwa na kina cha takriban mita 3.7, na nguo nzito za wakati ule pamoja na viatu vilivyofungwa kwa kamba viliwavuta chini. Baada ya mkasa huo serikali haikupiga marufuku kuteleza. Ilipunguza kina cha ziwa, ikalifanya liwe la kina cha chini ya mita 1.5, ili atakayetumbukia aweze kusimama. Mwandishi wa makala hii anaona hilo lilikuwa somo zuri kwa yeyote anayechimba lambo karibu na shule, iwe nchi ina barafu au haina.

Historia

Viatu vya kwanza vya kutelezea havikuwa na chuma. Vilikuwa mifupa ya miguu ya farasi au ng'ombe, iliyochongwa upande mmoja, ikatobolewa na kufungwa miguuni kwa ngozi. Wataalamu wa mambo ya kale wamevipata sehemu nyingi za Ulaya ya kaskazini, na watafiti wengine wanaamini matumizi yake yalianza huko Ufini takriban miaka 4,000 iliyopita. Eneo hilo lina maziwa mengi kiasi kwamba kuyakata wakati wa baridi kuliokoa nguvu nyingi kuliko kuyazunguka. Mfupa hauna makali, kwa hiyo mtelezaji hakuweza kujisukuma kwa miguu. Alitumia fimbo aliyoichomeka barafuni. Kasisi William Fitzstephen, aliyeandika juu ya London katika karne ya 12, aliwaeleza vijana wa mji huo wakifanya hivyohivyo juu ya kinamasi kilichoganda nje ya kuta za kaskazini.

Mabadiliko makubwa yalikuja kutoka Uholanzi katika karne za 13 na 14, bapa la chuma lenye makali lilipofungwa chini ya kibao cha mbao. Makali yalimwezesha mtu kuisukuma barafu kwa ubavu wa mguu, na fimbo ikaachwa. Tangu hapo namna ya kuteleza haijabadilika sana.

Mtelezaji wa kale anayejulikana zaidi ni msichana. Lidwina wa Schiedam, aliyezaliwa mwaka 1380, alianguka barafuni akiwa na umri wa miaka 15 baada ya kugongwa na mwenzake, akavunjika ubavu. Hakupona, aliishi kitandani hadi kufa kwake mwaka 1433. Picha ya mbao iliyochapishwa mwaka 1498 inamwonyesha akiwa ameanguka, na nyuma yake mtu mmoja anateleza kwa mguu mmoja, ushahidi wa mapema wa mtindo ule wa kusukuma kwa makali. Kanisa Katoliki linamheshimu kama mtakatifu, na watelezaji humhesabu kuwa msimamizi wao.

Katika karne ya 17, Ulaya ilipopitia miongo ya baridi isiyo ya kawaida, mchoraji Hendrick Avercamp wa mji wa Kampen alitumia karibu maisha yake yote ya kazi kuchora watu barafuni. Alikuwa bubu. Katika picha zake matajiri, wavuvi, waombaji, watoto na mbwa wako kwenye mfereji mmoja, na karibu kila mara kuna mtu mmoja aliyeanguka.

Ziara ya miji kumi na mmoja

Hakuna mahali ambapo barafu ya asili imekuwa jambo la taifa zima kama Uholanzi. Katika jimbo la Friesland kuna ziara iitwayo Elfstedentocht, yaani ziara ya miji kumi na mmoja, yenye urefu wa karibu kilomita 200 juu ya mifereji, mito na maziwa, ikianzia na kuishia Leeuwarden. Ilifanyika rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1909. Haina tarehe. Hufanyika tu barafu inapofikia sentimita 15 katika njia nzima, na wasimamizi wa kila sehemu ndio hupima na kutoa taarifa. Sehemu moja mbovu yaweza kuzuia ziara yote, ingawa pale penye ubovu mdogo mazulia hutandikwa ukingoni na washiriki hutembea juu yake wakiwa na viatu vyao vya chuma.

Mpaka sasa imefanyika mara 15 tu. Ya mwaka 1963 ndiyo inayosimuliwa zaidi: kulikuwa na baridi ya karibu nyuzi 18 chini ya sifuri asubuhi, kisha dhoruba ya theluji, na kati ya washiriki wapatao 10,000 waliomaliza hawakufika 150. Mshindi, Reinier Paping, alibaki na jina hilo maisha yake yote. Baada ya hapo wananchi walingoja miaka 22, hadi 1985. Mwaka 1986 mshiriki mmoja aliyejiandikisha kama W. A. van Buren aligundulika kuwa ni Willem-Alexander, mwana wa malkia, ambaye leo ni mfalme.

Ya mwisho ilifanyika tarehe 4 Januari 1997. Kuna Waholanzi waliokwisha kuoa na kupata watoto ambao hawajaiona hata mara moja, na bado chama chake kina wasimamizi wanaopima barafu kila baridi inapokaza. Tangu mwaka 1989 Waholanzi maelfu husafiri mpaka Weissensee, ziwa la milimani nchini Austria, kuteleza kilomita 200 za badala. Wenyewe hukiri kwamba si kitu kilekile, kwa kuwa huzunguka ziwa moja badala ya kupita chini ya madaraja ya vijiji vyao.

Mfereji wa Rideau

Katika mji wa Ottawa, Kanada, mfereji wa Rideau hugeuzwa kuwa njia ya kutelezea yenye urefu wa kilomita 7.8 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu huutumia kwenda kazini na shuleni. Kwa sababu ya wingi wa watu na magari ya kusafishia, wasimamizi hutaka barafu nzuri ya sentimita 30. Katika msimu wa 2022–2023 unene huo haukupatikana na njia haikufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Msimu uliofuata ilifunguliwa kwa siku chache tu.

Kupungua kwa barafu

Kumbukumbu ndefu kuliko zote za barafu ya ziwa ziko Japani. Makuhani wa Kishinto kwenye ziwa la Suwa wameandika tangu mwaka 1443 kila ziwa lilipoganda, kwa kuwa mkunjo wa barafu unaopita katikati yake huaminiwa kuwa njia ya mungu anayevuka. Katika miaka 250 ya kwanza ya kumbukumbu hizo ziwa lilishindwa kuganda mara 3. Kati ya 2005 na 2014 peke yake lilishindwa mara 5. Makuhani waliandika kwa ajili ya ibada, na leo wanasayansi wa tabianchi wanazitumia daftari zao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika nusu ya kaskazini ya dunia maziwa yapatayo 14,800 tayari huganda miaka mingine na mingine hayagandi, na kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2 idadi itafika takriban 35,300. Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliolinganisha nchi 10, ulionyesha kuwa vifo vya kuzama barafuni huongezeka kadiri hewa ya majira ya baridi inavyokaribia nyuzi 0. Mtu angeweza kudhani kwamba barafu ikipungua na ajali zitapungua. Sivyo, kwa muda huu: watu huendelea kufuata kalenda ya wazazi wao, na barafu haifuati tena kalenda hiyo. Ujuzi wa rangi na sauti uliotajwa hapo juu hurithishwa kwa kwenda barafuni pamoja na mkubwa, na kadiri misimu inavyokosekana ndivyo wakubwa wenye kuujua wanavyopungua.

Katika Afrika Mashariki

Malambo ya kunyweshea ng'ombe ya Didia, na ya Wilaya nzima ya Shinyanga, hayajawahi kuganda. Nchi hiyo iko kusini kidogo ya ikweta, na ingawa ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hata alfajiri za Juni na Julai, wachungaji wanapojifunika mashuka, hewa hubaki nyuzi nyingi juu ya sifuri. Bwawa kubwa tena halifuati usiku mmoja. Ili ligande, wastani wa mchana na usiku pamoja lazima ukae chini ya sifuri kwa siku kadhaa.

Hiyo ndiyo sababu hata milima mirefu haina mahali pa kutelezea pa kutegemewa. Juu ya mita 4,000 kwenye Mlima Kenya vidimbwi huweza kutanda barafu usiku, lakini ikweta haina majira ya baridi: kila usiku ni baridi na kila mchana ni jua, na kilichoganda alfajiri huanza kulegea saa nne. Karibu na barafuto la Lewis, yaani mto wa barafu unaojongea taratibu mlimani, kuna kidimbwi kiitwacho Curling Pond, kwa jina la kaling, mchezo wa Kiskoti wa kusukuma mawe juu ya barafu. Barafuto lenyewe lilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kilimanjaro nako eneo la barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007.

Mchango mkubwa wa Tanzania katika mambo ya kuganda haukutoka mlimani bali jikoni mwa shule. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friji aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam na kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja, na jambo hilo likaitwa athari ya Mpemba.

Wataalamu hawajakubaliana. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 nchini Uingereza hayakuiona athari hiyo kabisa, na wengine wameendelea kuitafutia maelezo. Kanada na Marekani, wanaotengeneza kiwanja cha barafu uani mara nyingi humwaga maji ya moto juu ya barafu iliyopo, na wengine hutaja jina la Mpemba wanapoulizwa sababu. Sababu iliyo wazi zaidi ni kwamba maji ya moto huyeyusha kidogo uso wa zamani na kushikamana nao, tena yana hewa kidogo ndani yake, hivyo barafu hutoka ngumu na angavu. Kwa wenye viwanja vya mitambo ni hivyohivyo.

Uwanja wa kwanza wa namna hiyo katika Afrika Mashariki ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi. Ni mdogo kuliko kiwanja cha kimataifa, lakini ndipo timu ya hoki ya barafu ya Kenya Ice Lions ilipojifunzia. Kwa miaka mingi haikuwa na timu nyingine ya nchi jirani ya kucheza nayo. Mnamo mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Toronto na kampuni moja ya Kanada, wakacheza mchezo wa kwanza wakiwa na sare kamili dhidi ya timu ya wazima moto, huku nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakivaa jezi ya Kenya pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.